MELI IMECHELEWA. NA PESA YA MTEJA JE?



Ndugu yangu mfanyabiashara wa Moshi, tuko Septemba 2025, ndani ya Mfungo Sita. Nakuandikia leo kwa sababu ikifika Desemba hutasoma. Utakuwa umezima simu.

Unajua ninachokisema. Mtu wa Marangu anajenga kihambani, anataka marumaru sebuleni kabla ukoo haujapanda kutoka Dar. Umemwonesha picha, umepokea nusu ya pesa, umemwahidi tarehe 10 Desemba. Tarehe 20 anapiga, unamwambia, "Meli imechelewa mzee, ni qadari ya Mwenyezi Mungu." Akitaka pesa yake, unasema iko kwenye mzigo. Na usijifariji kwamba yeye ni Mlutheri. Haki yake ni ile ile.

Meli kuchelewa ni qadari, sibishani. Lakini ile tarehe uliitaja mwenyewe, ili asiende duka la pili.

Hesabu vizuri. Ajenti akikwambia siku 45, mara nyingi anahesabu tangu meli ing'oe nanga, si tangu ulipolipa. Kabla yake kuna kiwanda, kisha ghala la Guangzhou ambako mzigo wako unasubiri kontena lijae, maana mnachangia. Huku kuna foleni ya bandari na forodha (mwenzako mmoja karatasi zake zikiwa na kasoro, mnakaa wote), halafu kilomita kama 560 mpaka Moshi. Anayeagiza Uturuki ana lake: tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zinakwepa Bahari ya Shamu na kupita Rasi ya Tumaini Jema, mzigo unaizunguka Afrika ndipo ufike kwetu. Haya si mambo ya ghaibu.

Tazama na Idi. Mwaka 2026, Mwaka Mpya wa Kichina ni tarehe 17 Februari, na Ramadhani inatarajiwa kuingia siku moja au mbili baada yake, kwa mwandamo wa mwezi. Viwanda vitafungwa wiki mbili au zaidi, na wafanyakazi huanza kuondoka mapema. Kanzu, mabaibui na viatu vya watoto visipopakiwa mwanzoni mwa Januari, hesabu umevikosa. Kwa hiyo oda itoke Novemba, wakati ule ule mtaji wako wote umefungwa kwenye mzigo wa Krismasi. Hapo ndipo wengine hukimbilia mkopo wa riba, na wengine hukimbilia advansi za watu.

Sasa hukumu. Hakim bin Hizam (r.a.) aliuliza juu ya mtu anayemjia kutaka kitu asichokuwa nacho, naye aende kukinunua sokoni ampe. Mtume (s.a.w.) alimkataza kuuza asichonacho. Mlango ulioachwa wazi ni biashara ya salam: sifa za bidhaa, kipimo na muda vijulikane, na katika madhehebu yetu ya Imam Shafii bei yote ilipwe pale pale kikaoni. Nusu sasa, nusu mzigo ukifika, hiyo si salam. Kama mteja hawezi kulipa yote, kuwa wakala wake: pesa ni yake, mzigo ni wake, wewe una ujira mliokubaliana. Wengi hawaipendi njia hii kwa sababu mteja ataiona risiti ya kiwanda.

Katika salam, muda ukifika na bidhaa hazipo, mnunuzi ana hiari: asubiri, au avunje mkataba arudishiwe mali yake yote. Si "chagua kitu kingine hapo dukani". Si kumkata "gharama za usumbufu". Ukiwa umeitumia kulipia kontena lililolala bandarini, basi unadaiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandika deni lenye muda. Sisi mkataba wetu ni sauti ya WhatsApp.

Leo jioni fungua daftari, jumlisha advansi zote ulizoshika. Kisha mpigie ajenti umuulize kama mzigo uko ghalani au baharini. Ukiwa bado ghalani, mpigie mtu wa Marangu umwambie ukweli. Bado ana muda wa kununua marumaru Arusha.

Wallaahu a'lam.