Utamu na uchachu katika bakuli moja: Tujitengenezee sosi ya saladi nyumbani

 

Leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, nalo ni ile sosi inayomiminwa juu ya saladi. Tumelichagua kwa sababu katika nyumba zetu nyingi siku hizi yupo mtu aliyeambiwa na daktari apunguze wanga, mafuta na chumvi, na azidishe mboga mbichi. Pengine ni baba mwenye kisukari, pengine ni mama mwenye shinikizo la damu. Na mara nyingi matokeo yake ni haya: familia nzima huketi kwenye sinia la pilau, na mgonjwa huwekewa pembeni kisahani chake cha majani yasiyo na ladha. Siku ya kwanza atavumilia, na ya pili vilevile. Kufikia wiki ya tatu amekwisha kurudi kwenye sinia, na hatuna haki ya kumlaumu. Aliyetengwa katika chakula hujihisi ametengwa katika mengine pia.

Dawa ya hali hii ni kuifanya saladi iwe chakula cha wote, yenye ladha ya kumfanya kila mmoja anyooshe mkono bila kulazimishwa. Na ladha hiyo haihitaji chupa ya dukani. Sosi nyingi za chupa hutiwa sukari na chumvi kwa wingi, na mwenye kuinunua kwa ajili ya mgonjwa wake asiposoma maandishi ya nyuma ya chupa huenda akawa anamrudishia kwa kijiko kile alichomnyima kwa bakuli.

Tusidhani pia kwamba kuchanganya utamu na uchachu ni jambo la kigeni. Watu wa pwani yetu wanaijua chatne ya ukwaju, wanaijua achari ya embe, na wanaujua urojo wa Unguja. Wairani wana kinywaji chao kiitwacho sekanjabin, jina lililotokana na maneno mawili ya Kifarsi yenye maana ya siki na asali. Huchemshwa pamoja, hutiwa majani ya nanaa, kisha watu huchovya humo majani ya letusi na kula. Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliitaja sharubati hiyo katika kitabu chake cha tiba, al-Qanun. Nao watu wa Sham humimina asali ya komamanga juu ya saladi yao ya fattoush.

Ama siki yenyewe, ina heshima yake. Imepokewa na Jabir bin Abdillah (r.a.) katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki, akaitaka, akaila na kuisifu. Hilo latosha kutufunza kutokidharau kilichopo jikoni.

Sasa tuingie jikoni. Kwa familia ya watu wanane tutahitaji vijiko vinne vya chakula vya siki, vijiko viwili vya chakula vya asali, vijiko sita vya chakula vya mafuta ya zeituni au ya alizeti, kijiko kimoja cha chai cha haradali iliyosagwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi, robo kijiko cha chai cha pilipili manga na punje moja ya kitunguu saumu iliyotwangwa.

Mpangilio una maana yake. Tuanze kwa kutia siki na chumvi katika chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tutikise mpaka chumvi iyeyuke, kwani chumvi haiyeyuki katika mafuta. Kisha tutie asali, haradali, pilipili manga na kitunguu saumu, tutikise tena. Mafuta yawe ya mwisho. Tufunge kifuniko barabara na kutikisa kwa nguvu kwa muda wa dakika moja, hadi tuone sosi imekuwa nzito kidogo na rangi yake imefifia. Siki na mafuta havipatani kwa tabia. Haradali ndiyo inayovishika pamoja kwa muda. Vikitengana tena baada ya saa moja, sosi haijaharibika. Tutikise tu, tumimine.

Tuionje kwa jani la saladi, wala tusiionje kwa kijiko, kwa kuwa ikiwa peke yake daima itaonekana kali kupita kiasi. Ikizidi ukali, tuongeze mafuta kidogo kabla ya kukimbilia asali.

Kwa wasiopenda siki, ipo njia ya ukwaju na tende. Tuloweke gramu 50 za ukwaju katika nusu kikombe cha maji ya moto kwa dakika 20, na tende nne zilizotolewa kokwa tuziloweke katika maji machache kando. Tuukamue ukwaju na kuuchuja, tuziponde tende mpaka zilainike, kisha tuchanganye pamoja na tangawizi kidogo iliyokunwa, chumvi kidogo na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na kusagwa. Vijiko viwili vya mafuta vyatosha. Sosi hii inapatana sana na kabichi iliyokatwa nyembamba, karoti na matango.

Hapa hatuna budi kusema kweli kuhusu asali, maana wengi hudhani kwamba ikiitwa asali haihesabiwi. Asali ni neema kubwa, lakini mwilini nayo ni sukari, na Shirika la Afya Duniani huihesabu pamoja na sukari ya kuongezwa. Vijiko viwili vikigawanywa kwa watu wanane, kila mmoja hupata sukari ya takriban kijiko kimoja cha chai. Mwenye kisukari apunguziwe: tutie kijiko kimoja cha asali badala ya viwili, na wote wale hiyo hiyo. Ndimi huzoea haraka kuliko tunavyodhani. Tende nazo zina sukari yake, kwa hiyo tusizizidishe. Wala siki si badala ya dawa. Mgonjwa aendelee na dawa zake kama alivyoelekezwa.

Mafuta nayo yana hesabu. Kijiko kimoja cha chakula kina takriban kalori 120, kwa hiyo sosi imiminwe kwa kijiko, isimwagwe. Hata hivyo tusiyaondoe kabisa, kwani mwili huhitaji mafuta kidogo ili uvune vizuri kile kilichomo katika karoti na nyanya ambacho huugeuza kuwa vitamini A. Ama chumvi, mtu mzima hushauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku kutoka katika vyakula vyote. Mwenye shinikizo la damu anaweza kupunguziwa humu na kuongezewa ndimu, ambayo huziba pengo la chumvi kwa ustadi.

Yapo mambo manne ya tahadhari. Kwanza, mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vitakavyotoa sumu kali katika utumbo wake. Pili, sosi yenye kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta isikae nje. Iwekwe katika jokofu na imalizwe ndani ya siku nne. Nyumba isiyo na jokofu itengeneze ya siku hiyo tu. Tatu, siki na ukwaju visihifadhiwe katika sufuria ya alumini, kwani vitu vikali huila. Nne, mboga zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, tena zioshwe kabla ya kukatwa. Mahali ambapo maji ya bomba hayaaminiki, yatumike yaliyochemshwa. Sosi nzuri haisafishi mboga chafu.

Kuhusu siki za dukani, tusome maandishi ya chupa. Zipo zilizotengenezwa kwa tufaha, kwa miwa au kwa nazi, na zipo zilizotokana na divai. Maulamaa wamekhitalifiana kuhusu mvinyo uliogeuzwa siki kwa makusudi, ilhali ule uliogeuka wenyewe una hukumu nyepesi zaidi. Mwenye shaka amuulize shekhe wake, au achukue siki ya tufaha, au arudi kwenye ukwaju na ndimu, ambavyo havina mjadala.

Jambo la mwisho la jikoni ni wakati. Chumvi na uchachu hutoa maji katika majani. Letusi ikimiminiwa sosi mapema italegea, kwa hiyo tuimimine watu wakiwa wamekwisha kuketi. Kabichi na karoti ni kinyume chake: zikikaa na sosi kwa nusu saa hulainika na kuwa tamu zaidi.

Na baada ya hayo yote, bakuli hilo tuliweke wapi? Tuliweke katikati, karibu na sinia, tena litangulie. Tuanze sote na saladi, baba, mama, watoto na wageni, kisha ndipo tuligeukie pilau. Mgonjwa wetu atakuwa ameshiba nusu bila ya kuambiwa "wewe usile hiki." Watoto nao watakua wakijua kwamba mboga ni chakula cha watu, wala si adhabu ya waliougua. Huenda hilo likawakinga na yale yanayowasumbua wazee wao leo.

Wiki ijayo, tukijaaliwa, tutazungumzia namna ya kupika maharage bila ya kutumia mafuta mengi. Mola azibariki meza zetu na awaponye wagonjwa wetu. Amin.