KEMIA ISOMWE KWA KAZI, ISISOMWE KWA JINA

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakisha kutangazwa, nyumba nyingi za Mbeya na Iringa hukaa shauri moja. Mtoto amefaulu kemia. Je, aende chuo gani, akasome nini? Baba anataka udaktari. Mjomba anataka uhandisi. Jirani anasema ualimu ni kazi ya waliokosa kazi. Mtoto mwenyewe hana la kusema, maana hakuna aliyemweleza. Mwisho hujaza maombi kwa kufuata jina lililo tamu masikioni, na jina hilo ndilo litakalomfunga miaka mitatu, minne au mitano.

Sisi twasema desturi hii haifai. Haimfai kijana, haimfai mzazi aliyeuza mahindi na mbao ili mtoto asome, wala haiifai nchi.

Tukumbuke tulikotoka. Kabla ya 1961 Tanganyika haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Mtoto wetu aliyetaka shahada ya sayansi alikwenda Makerere, Uganda, au ng'ambo, na waliopata nafasi hiyo walikuwa wa kuhesabu. Oktoba 1961 chuo kikuu chetu cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, na kilianza na somo la sheria tu. Sayansi ilikuja 1965. Pale Iringa, majengo ya Mkwawa yalijengwa wakati wa ukoloni yawe shule ya watoto wa Kizungu, na mtoto wa Mhehe hakuwa na nafasi humo. Leo ni Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tangu 2005. Pale Mbeya, chuo cha ufundi kilichoanzishwa 1986 kimekua hadi kuwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia mwaka 2012. Milango iliyokuwa imefungwa sasa iko wazi. Basi aliyefunguliwa mlango asiingie amefumba macho.

Jambo la kwanza ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba uchaguzi huu hauanzi baada ya kidato cha sita. Unaanza kidato cha tano, mtoto anapopangiwa tahasusi. Aliyesoma fizikia, kemia na hisabati ana njia ya kwenda uhandisi. Aliyesoma fizikia, kemia na biolojia ana njia ya udaktari, ufamasia na maabara za hospitali. Aliyesoma kemia na biolojia pamoja na jiografia au kilimo ana njia ya kilimo, mazingira na ualimu. Asiye na hisabati asilie baadaye kwamba uhandisi umemkataa. Na kufaulu nako kuna hesabu yake: alama A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa kawaida kiwango cha chini cha kuingia shahada ni pointi 4 katika masomo mawili, lakini shahada inayogombewa hutaka zaidi. Tume ya Vyuo Vikuu hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, kinachoonyesha kila chuo kinataka masomo gani, na tangu 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni. Kitabu hicho kisomwe nyumbani, mzazi na mtoto pamoja, kabla ya kujaza neno lolote.

Jambo la pili ni kuzijua njia zenyewe, kwa kuwa watu huzichanganya.

Njia ya kwanza ni shahada ya sayansi katika kemia yenyewe. Ni miaka mitatu. Mwanafunzi husoma kemia ya vitu vyenye kaboni, kama mafuta, dawa na rangi. Kemia ya madini na chumvi. Kemia ya kupima na kuchambua, yaani kujua ndani ya kitu mmetiwa nini na kiasi gani. Na ile kemia inayokwenda kwa hesabu, ya joto, nguvu na mwendo wa mabadiliko. Njia hii humpeleka mtu maabara, kiwandani na katika utafiti. Lakini ajue mapema: akitaka kufundisha baadaye, itampasa aongeze masomo ya ualimu juu ya shahada hiyo.

Njia ya pili ni shahada ya sayansi pamoja na ualimu, ambayo ndiyo kazi kubwa ya Mkwawa. Nayo ni miaka mitatu. Mwanafunzi huchukua masomo mawili ya kufundishia, kwa mfano kemia na biolojia, au kemia na hisabati, akajifunza na namna ya kufundisha, kisha akapelekwa shuleni kwa mazoezi.

Njia ya tatu ni kemia iliyovaa nguo za kazi. Hapa kuna uhandisi wa kemia, miaka minne, Dar es Salaam, sayansi ya chakula, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ufamasia, Muhimbili, na sayansi ya maabara, hapa hapa Mbeya. Mwenye mkono mwepesi na jicho la kupima asidharau maabara kwa sababu tu jina lake halina mshindo.

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli kwa mvivu anayetafuta sababu ya kutolima. Lakini mkulima wa kweli hutazama udongo kwanza, akajua atapanda nini. Basi tuutazame udongo wetu wenyewe wa Nyanda za Juu Kusini.

Wakulima wetu wa Mufindi, Makete na Mbeya hulima pareto. Ua lile lina sumu ya kuua wadudu, na kiwanda cha Mafinga huikamua kwa vimiminiko vya kemia. Nani atapima ubora wa maua ya mkulima ili alipwe haki yake? Mtu aliyesoma kemia ya kaboni na kemia ya kuchambua.

Kule Mgololo, mbao za misonobari hupikwa kwa soda kali ili zitoke karatasi, na maji meusi yanayobaki huchomwa ili dawa zake zitumike tena. Kule Songwe, karibu na mji wa Mbeya, mawe ya chokaa huchomwa pamoja na udongo kwa joto la nyuzi 1,450 hivi yawe saruji. Kazi hizo zataka mtu wa kemia ya joto na ya madini, yule asiyekimbia hesabu.

Kule Chunya, wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, na wengine huitoa kwa sianidi. Zebaki ikichomwa mvuke wake huingia mapafuni, na ikimwagwa huingia mitoni na ndani ya samaki. Dunia ilitia saini mkataba wa kupunguza zebaki, Mkataba wa Minamata, mwaka 2013. Mkataba haupimi maji. Anayepima ni kijana aliyefundishwa kupima.

Na tazameni mashamba. Penye mvua nyingi kama kwetu, udongo huchoka na kuwa mchachu. Mkulima hutia mbolea mwaka hata mwaka, na mahindi hayaitiki, kumbe shamba lilitaka chokaa kwanza. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kipo, na ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Mbeya. Lakini vituo ni watu. Bila wakemia, ni majengo tu.

Sasa tuseme juu ya ualimu, kwa kuwa hapa ndipo palipooza. Watu wetu wamejenga shule za sekondari katika kata kwa jasho lao, wamebeba mawe na mchanga. Mtoto wa shule hizo akifundishwa kemia ubaoni tu, bila kuona asidi ikigeuza rangi ya karatasi, ataikariri kama mtu anayekariri lugha asiyoijua. Hafaulu, na mlango wake wa udaktari na uhandisi unafungwa akiwa na miaka kumi na sita. Kwa hiyo anayedharau ualimu wa kemia anakata mti huku amekalia tawi lake. Hakuna daktari wala mhandisi ambaye hakupitia mikononi mwa mwalimu. Kijana mwenye moyo wa kufundisha na aende Mkwawa akiwa ameinua kichwa.

Wako watakaosema: ajira iko wapi? Tunawaona vijana wenye shahada wakiendesha bodaboda Mwanjelwa na Mafinga. Swali hilo ni la haki, na hatulifichi. Shahada peke yake haimpi mtu kazi. Lakini ni nani anayeteseka zaidi? Ni yule aliyechagua kwa jina, akachukua kozi za hiari kwa kuulizana ni ipi yenye alama za bure, akamaliza miaka mitatu bila kujua kutumia chombo kimoja cha maabara. Kozi za lazima chuo kimekwisha kumpangia. Kozi za hiari ndizo uhuru wake. Azitumie kufuata kazi moja anayoitaka: chakula, madini, udongo, dawa au maji. Na likizo ya mafunzo kwa vitendo asiende mahali pa kupigiwa muhuri tu. Aende panapofanyika kazi.

Na deni lipo. Mkopo wa serikali ni fedha ya wananchi, na sheria iliyobadilishwa 2016 iliweka makato ya asilimia 15 ya mshahara wa mkopaji hadi deni liishe. Anayechagua vibaya atalipa kwa miaka mingi elimu isiyomsaidia.

Kwa hiyo tunayo ya kusema kwa kila mmoja. Wazazi, mwulizeni mtoto anapenda kazi gani na ana nguvu somo gani, kabla ya kumtajia mtoto wa fulani. Mabinti wasiambiwe kwamba kemia ni ya wavulana. Chupa ya maabara haijui nani kaishika. Walimu wa sekondari, waelezeni wanafunzi mambo haya tangu kidato cha tatu, msingoje kidato cha sita. Wakuu wa vyuo, tumeni watu wenu mashuleni, Rungwe, Kilolo na Mbarali, wasiishie mijini. Wenye viwanda, pokeeni wanafunzi wa mafunzo na wapeni kazi ya kweli, msiwape fagio. Na serikali tunaidai vifaa na walimu wa maabara katika shule za kata, maana huko ndiko mkemia huanza.

Ninyi vijana, kemia ni somo gumu, na hatutawadanganya kwamba ni rahisi. Lakini pareto ni yetu, chokaa ni yetu, dhahabu na udongo ni vyetu. Tusipokuwa na watu wanaojua vimo nini ndani yake, tutaendelea kuuza tusichokijua kwa bei tusiyoipanga. Ulizeni, someni mwongozo, chagueni kwa kazi. Kuuliza si ujinga.