MAJI YA SUMU HAYASAFISHWI KWA UVUMI

Mto ukigeuka rangi na samaki wakaelea, kila mtu huwa na mshitakiwa wake. Huyu husema mfugaji, yule husema kiwanda, mwingine husema mchawi. Maneno hayo hayasafishi hata ndoo moja ya maji.

Tuutazame Mto Mara. Machi 2022 maji yake yalikuwa meusi, yakanuka, samaki wakafa. Wengi waliunyoshea kidole mgodi wa North Mara, kwa kuwa mwaka 2009 maji ya mgodi huo yalivuja mpaka Mto Tighite, unaomiminikia Mara. Kamati ya Profesa Samuel Manyele ikasema samaki walikosa hewa kwa sababu ya mimea iliyooza na kinyesi na mkojo wa mifugo. Watu wakacheka.

Jambo hilo lawezekana. Uchafu ukioza hula hewa iliyomo majini. Mwaka 2018 wataalamu walionyesha kuwa kinyesi cha viboko huua samaki katika Mto Mara huo huo, upande wa Kenya. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ukweli usiopimwa mbele ya wananchi hausadikiwi.

Sisi wa Miono jirani yetu ni Mto Wami. Mto huo hupokea maji ya Kilosa penye malisho, na ya Turiani penye miwa. Huko juu kila mwenye shamba au zizi aweza kumsingizia mwenzake. Lakini kila sababu ina alama yake. Utupa huua samaki pasipo kuyatia maji weusi. Samadi huwafanya samaki wapande juu kutweta alfajiri. Dawa za shamba huteremka na mvua.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, maji yachotwe siku ile ile, juu na chini ya mahali panaposhukiwa, na hewa yake ipimwe pale pale mtoni, maana katika chupa hubadilika. Pili, chupa ziwe pacha: moja iende Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ya pili ipelekwe na kijiji kwa mpimaji mwingine. Tatu, majibu yasomwe barazani kwa Kiswahili.

Maji ni mali ya umma. Anayeyaharibu, awe tajiri au maskini, ashitakiwe kwa ushahidi. Asiye na kosa aachwe na ng'ombe wake.

Mwananchi,
Miono