Propela Iliyosimama Angani ni Uongo

Leo nina neno na kamera za simu. Ndege zinazocheza sarakasi angani zinauanika ugonjwa wao kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo tuanzie hapo.

Maonyesho makubwa ya ndege hapa Kenya hufanyika Nairobi. Yale ya Mei 2022 yalikuwa Uhuru Gardens, na kuna watu wa huku Kericho na Bomet waliopanda matatu kwenda kuyatazama. Halafu tarehe 20 Oktoba 2023 Sikukuu ya Mashujaa ikaadhimishwa hapa hapa Kericho. Tangu hapo kila mwenye simu ananionyesha picha za ndege, na picha ni zile zile: mbingu safi kupita kiasi, ndege kali kama imechorwa kwa rula, na propela imesimama tuli. Au propela imepinda kama ndizi. Mwenyewe anasema, "Ona vile simu yangu inapiga!" Mimi naona ndege iliyozimika.

Dai langu ni hili: picha ya sarakasi za angani inayoficha mwendo haijasema ukweli, na sisi waandishi wa programu ndio tunaoifundisha simu kuuficha.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua propela inayozunguka mara 2,400 kwa dakika. Hiyo ni mara 40 kwa sekunde. Ukiweka kasi ya shata 1/1000 ya sekunde, propela inageuka digrii 14 na kidogo tu. Kwa macho, imesimama. Rubani yuko kichwa chini, na picha inasema injini haifanyi kazi! Shusha hadi 1/160, kila panga la propela linafagia digrii 90. Shusha hadi 1/80, linafagia digrii 180, na kama mapanga ni mawili umepata duara zima. Hapo picha inaanza kunguruma. (Ndege za jeti hazina propela, kwa hiyo 1/1000 haziidhuru.)

Na ile ndizi? Sensa za simu nyingi hazisomi picha yote kwa mpigo mmoja. Husoma mstari baada ya mstari, kama mchuma chai anavyopita shambani. Tuseme kazi hiyo inachukua 1/40 ya sekunde. Kufikia mstari wa mwisho, propela yetu imemaliza mzunguko mzima, na kila mstari umeikuta mahali tofauti. Hii ni kasoro ya kifaa, lakini haina hila. Unaiona, unacheka, unajua si kweli.

Linalonisumbua ni lile usiloliona. Simu ya leo, ukibonyeza mara moja, mara nyingi huchukua picha kadhaa na kuziunganisha. Kwa shamba la chai lililotulia, huo ni ufundi mzuri sana na sina ugomvi nao. Lakini ndege inayobiringika haiko mahali pamoja katika picha mbili. Programu lazima iamue: ibakishe ndege ya picha gani, ukungu upi ufutwe, moshi upi ulainishwe. Haikuulizi.

Msidhani natia chumvi. Machi 2023 mtumiaji mmoja aliweka picha ya mwezi iliyofifishwa makusudi kwenye skrini ya kompyuta, akaipiga kwa simu ya Samsung. Simu ikamrudishia mwezi wenye undani ambao haukuwepo kwenye skrini. Kampuni ilieleza kwamba kamera hutambua mwezi na kuuongezea undani. Haya, mwezi ni ule ule kila siku. Ndege iliyopinduka juu ya kichwa chako mara moja si ile ile. Programu ikiirekebisha, hakuna nyingine ya kulinganisha.

Najua jibu la wenzangu: mnunuzi anataka picha kali. Sawa, mpeni. Lakini ukungu wa propela si uchafu wa kufutwa, ni habari. Ndio unaosema ndege ilikuwa hai.

Kwa anayetaka kujaribu, si lazima simu ya bei mbaya. Kamera ya mitumba kama Canon EOS 350D ya mwaka 2005 inatosha kabisa ukiipata na lenzi ndefu. Weka 1/160. Simama imara, geuka kuanzia kiunoni ukiifuata ndege, bonyeza, na usiache kufuata baada ya kubonyeza. Picha nyingi zitaharibika, tafuta moja. Mazoezi ni bure: bodaboda kwenye barabara ya Kericho kwenda Litein, au mwewe juu ya chai. Mawingu yetu meupe huidanganya kamera, nayo huifanya ndege kuwa kivuli cheusi, basi ongeza mwanga hatua moja. Toka asubuhi kabla ya mvua ya alasiri. Kwa simu, tumia hali ya Pro, zima HDR, hifadhi faili ghafi. Na droni iache nyumbani. Anga ya maonyesho si yako.

Kwa sisi tunaoandika programu, ombi langu ni dogo. Rekebisheni picha mpendavyo, lakini hifadhini na ile ya asili, na muweke swichi ya kuzima marekebisho. Iwe mbele kwenye skrini, si ndani ya menyu ya nne ambako hakuna anayefika. Aliyesimama juani akitazama juu ndiye aliyeona. Simu haikuona kitu, ilihesabu tu.