Mazoezi Bila Pombe: Wito kwa Klabu za Joging na kwa Wananchi Wote

Klabu za joging, yaani vikundi vya wakazi wanaokimbia pamoja barabarani alfajiri za mwisho wa wiki wakiwa wamevaa fulana za rangi moja na kuitikiana nyimbo, zimeota mizizi katika miji ya Tanzania, na wengi wanaojiunga nazo hutaja shabaha mbili: kupunguza kitambi na kurudisha pumzi. Shabaha hizo ni njema na njia iliyochaguliwa ni sahihi. Lakini mara nyingi mbio huishia kwenye supu, supu ikafuatwa na bia, na bia ya kwanza ikaita ya pili kwa njia ya ofa, hata faida ya jasho la asubuhi ikawa imetoweka kabla ya adhuhuri. Wito huu unawataka wanachama wa klabu hizo, viongozi wao na wananchi wengine wenye nia ya kupunguza uzito waitenge pombe na mazoezi, na wafanye hivyo kwa uamuzi wa pamoja, kwa kuwa desturi iliyojengwa na kundi ni vigumu kuvunjwa na mtu mmoja aliyeketi katikati ya kundi hilohilo.

Haja ya hatua hiyo inaonekana katika takwimu za nchi. Wataalamu wa lishe hupima uzito kwa kugawanya kilo za mtu kwa kipeo cha pili cha urefu wake katika mita, na mtu mzima anayefikisha 25 au zaidi huhesabiwa kuwa na uzito uliozidi, ilhali anayefikisha 30 huhesabiwa kuwa na kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia. Tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kwamba wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliofikia kiwango cha 25 walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05, na kufikia mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 28. Ongezeko hilo haliwezi kubebeshwa pombe peke yake, kwa kuwa sukari, mafuta ya kukaangia na kazi za kukaa kutwa zina sehemu kubwa. Hata hivyo, kwa mtu ambaye tayari anakimbia na anakula kwa kiasi lakini kiuno chake hakipungui, glasi ni mahali pa kwanza panapostahili kuchunguzwa.

Sababu ya kwanza ni ya hesabu. Nishati ya chakula hupimwa kwa kilokalori, na gramu moja ya wanga au ya protini hutoa takriban kilokalori 4, gramu moja ya mafuta hutoa 9, na gramu moja ya kilevi hutoa 7. Kwa hiyo kilevi kinakaribia mafuta kuliko kinavyokaribia ugali. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 hubeba karibu gramu 20 za kilevi, na wanga wake ukijumlishwa, jumla hufikia kiasi cha kilokalori 200 au zaidi kidogo. Mtu mwenye kilo 70 hutumia takriban kilokalori 70 kwa kila kilomita anayokimbia, maana yake ni kwamba chupa tatu hurudisha mwilini nishati inayokaribia ile iliyotumika katika kilomita tisa, tena kabla ya kuhesabu nyama choma na chipsi mayai ambazo hamu yake huamshwa na pombe yenyewe.

Sababu ya pili inahusu kazi ya ini. Mwili hauna ghala la kuhifadhi kilevi, na kwa kuwa kilevi ni sumu, ini hulazimika kukishughulikia kabla ya vitu vingine: hukigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni kemikali yenye madhara, kisha kuwa aseteti, ambayo tishu za mwili huitumia kama nishati. Muda wote ambao kazi hiyo inaendelea, matumizi ya mafuta hushuka, na mafuta yaliyoliwa pamoja na pombe hubaki bila kutumika na hivyo huelekea kuhifadhiwa. Ndiyo maana mnywaji anaweza kupunguza chakula na bado akashangaa kuona tumbo halishuki.

Sababu ya tatu ni kwamba mazoezi hujenga mwili baada ya mbio, wakati wa mapumziko, na wakati huo ndio ambao wengi huutumia kunywa. Misuli iliyochoka hujirekebisha kwa kuunda protini mpya. Utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2014, ukiwahusisha wanaume wanane wenye mazoea ya mazoezi, ulionyesha kwamba unywaji mwingi baada ya mazoezi ulipunguza uundaji wa protini za misuli kwa asilimia 24 hata pale washiriki walipopewa protini ya kutosha, na kwa asilimia 37 pale walipopewa wanga badala yake. Washiriki walikuwa wachache na kiasi cha pombe kilikuwa kikubwa, lakini kiasi hicho si kigeni kwa wanaokaa baa tangu saa nne asubuhi hadi jioni. Aidha, pombe huzuia homoni inayoziamuru figo kuhifadhi maji, ikamfanya mtu aliyekwisha kutoka jasho apoteze maji zaidi, na huvuruga usingizi wa nusu ya pili ya usiku, ingawa huharakisha kusinzia.

Wapo wanaoamini kwamba kuhama kutoka bia kwenda pombe kali huondoa tatizo, kwa hoja kwamba pombe kali haina wanga. Hoja hiyo haisimami, kwa sababu chupa ndogo ya mililita 200 yenye kilevi cha asilimia 35 hubeba karibu kilokalori 390 zinazotokana na kilevi pekee. Mbege, ulanzi, komoni na mnazi haziepuki kanuni hiyo kwa kuwa ni za asili. Kilevi ni kilevi, kitoke kwenye ndizi, kwenye mwanzi au kwenye kiwanda. Vilevile anayeacha bia na kuagiza soda hajafika mbali, maana soda ya mililita 350 hutoa takriban kilokalori 150 za sukari tupu. Kinywaji cha kuikata kiu ya mkimbiaji ni maji, na dafu moja hutosha kwa anayetaka ladha. Kuhusu dai kwamba kidogo hakidhuru, Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuthibitishwa kuwa salama kwa afya.

Maarifa haya si mageni kwa watu wengi, na bado mabadiliko ni machache, kwa sababu kikwazo kikubwa ni cha kijamii. Anayekataa ofa huulizwa kama anaumwa, kama ameokoka au kama yuko kwenye dozi, na anayekubali raundi moja hujiona ana deni la kuilipa. Jamii ya Tanzania, hata hivyo, inazo tayari nyakati ambazo maswali hayo hayaulizwi: katika Kwaresima na katika Ramadhani wanywaji wengi huweka glasi chini kwa majuma kadhaa, na hakuna anayewadhihaki, kwa kuwa wenzao wanafanya vivyo hivyo na sababu yao inajulikana na wote. Yaliyowezekana kwa ajili ya ibada yanaonyesha kwamba kinachomshinda mtu aliye peke yake humwia rahisi anapokuwa na wenzake, na klabu ya joging ina kila kinachohitajika kwa kazi hiyo: wanachama wanaofahamiana, viongozi, katiba na siku maalumu ya kukutana.

Kwa hiyo kila klabu inaombwa iitishe kikao na kupitisha maazimio manne. Kwanza, siku ya mazoezi iwe siku isiyo na pombe kuanzia usiku wa kuamkia mbio hadi kesho yake asubuhi. Pili, fedha za mfuko wa klabu zisinunue pombe, na zawadi ya bonanza isiwe kreti ya bia, bali iwe viatu, mipira au mbuzi. Tatu, wanachama walio tayari wajiandikishe kuacha pombe kabisa kwa siku 90, wakipimwa kiuno kwa futi kamba na muda wa kukimbia kilomita tano mwanzoni na mwishoni, ili uamuzi wa kuendelea utokane na ushahidi wa miili yao wenyewe. Nne, asiyekunywa asiulizwe sababu.

Wenye baa na mama lishe hawana haja ya kuuona wito huu kama vita dhidi ya riziki zao, kwa kuwa supu, ndizi za kuchemsha, matunda na madafu vina wateja hao hao asubuhi hiyo hiyo. Waandaaji wa mbio kubwa nao wana wajibu: mbio za mji wa Moshi zimebeba jina la bia kwa miaka mingi, na benki, kampuni za simu na mifuko ya bima zinaombwa zijitokeze kudhamini, ili mshiriki asipokewe kwenye utepe wa mwisho kwa kinywaji kinachopingana na juhudi yake.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mtu anayekunywa kila siku kwa wingi, ambaye mikono yake hutetemeka au jasho humtoka anapokosa pombe, ana utegemezi, yaani hali ambayo mwili umezoea kilevi kiasi cha kushindwa kufanya kazi vizuri bila hicho. Kuacha ghafla kunaweza kumletea degedege na hata kifo. Mtu huyo apelekwe kituo cha afya, aache chini ya uangalizi wa daktari, na klabu imsindikize bila kumwaibisha.

Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa shughuli hiyo. Siku hiyo ipo, barabara zipo na watu wapo. Kilichobaki ni wananchi kuifanya iwe pia siku ya kupitisha maazimio haya. Viongozi wa klabu na wayaweke kwenye ajenda ya kikao kijacho, wanachama na wayapigie kura, na orodha ya siku 90 ifunguliwe Jumamosi ya pili inayofuata, majina ya viongozi yakitangulia.