Vyombo Visivyofunguka

Katika kabati la shule yetu zimo taa 17 za nguvu ya jua, nazo kwa kuzitazama ni nzima zote. Vioo vyake havina ufa, na vibao vyake vya kupokea jua vyang'aa kama siku vilipotoka dukani. Walakini hazitoi mwanga. Wazazi walichanga fedha ili watoto wa darasa la mwisho wapate kusoma usiku. Wengine waliuza kuku, na mama mmoja aliuza debe la mahindi lililokuwa akiba yake ya miezi ya njaa. Mwaka wa kwanza tulifurahi. Mwaka wa pili taa ziliwaka saa mbili, kisha zikafifia. Mwaka wa tatu haukufika katikati ila zote zilikuwa zimezima.

Zilikuwa 18. Ile moja tulimpelekea fundi wetu wa redio, mzee ambaye amefufua redio za kijiji hiki tangu sisi tulipokuwa wanafunzi. Aliigeuzageuza akitafuta skrubu, asione hata moja. Akatia kisu penye mshono, kifuniko kikapasuka, maana kilikuwa kimegandishwa kwa gundi pande zote. Ndani akakuta betri imekufa, wala hakuona kibovu kingine chochote. Na betri ile haikuwa ya namna iuzwayo madukani. Akaturudishia vipande, akasema, "Mwalimu, chombo hiki hakikufanywa kifunguliwe."

Neno hilo ndilo lililotushikisha kalamu. Maana wako wasemao kwamba fundi wa kijijini hajui mambo ya kisasa, na kwamba lawama ni yake. Twakataa kabisa. Fundi aliona ugonjwa mara moja, na dawa aliijua. Aliyemzuia ni yule aliyetia gundi.

Tafadhalini mtazame jembe. Mhunzi ajua kwamba mpini utavunjika kabla ya chuma kuisha, kwa hiyo huacha nafasi ya kuuchomeka na kuuchomoa. Mpini ukivunjika leo, twakata mwingine porini, na kesho twalima. Taa ya chemli nayo ni hivyo hivyo: utambi ukiisha twatia mwingine, kioo kikipasuka twanunua kioo, taa ni ile ile. (Hatuisifu chemli, maana moshi wake huumiza vifua na macho, na moto wake umeunguza nyumba tunazozijua. Hatutaki kurudi huko.) Basi betri ya lithiamu ndiyo mpini wa vyombo vya leo. Kila inapojazwa na kutumiwa hupungukiwa nguvu kidogo, na hata ikikaa bure huzeeka. Hakuna mtengenezaji asiyelijua jambo hilo. Naye, akijua kwamba sehemu hiyo itakufa kwanza, aifungia ndani isifikiwe! Mhunzi angetuuzia jembe la namna hiyo tungemfukuza sokoni.

Wala msidhani kwamba haiwezekani kufanya vingine. Simu iliyoitwa Nokia 3310, iliyotoka mwaka 2000, ilifunguka nyuma kwa kidole gumba, na betri ikatolewa hata na mtoto. Cherehani za Singer zilizotengenezwa zaidi ya miaka mia iliyopita zingali zikishona barazani mwa mafundi, kwa kuwa sindano, ukanda na magurudumu yake hubadilishwa kimoja kimoja.

Tena wako wanaosema kwamba sisi twamdhania mtengenezaji ubaya asiokuwa nao. Na wasikilize habari hii. Mwaka 1924 wakubwa wa kampuni za taa za umeme, miongoni mwao Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, walikutana Geneva wakafanya shirika lililoitwa Phoebus. Wakati ule balbu nyingi ziliweza kuwaka saa 1,500 hata 2,000. Wakapatana kwamba balbu iwake saa 1,000 tu. Kila kampuni ikapeleka balbu zake kupimwa, na ile ambayo balbu zake zilidumu kupita kiasi ikatozwa faini. Shirika hilo lilivunjika kwa sababu ya vita vilivyoanza mwaka 1939. Kweli, wako waliolitetea kwa hoja kwamba balbu iwakayo muda mrefu hutoa mwanga haba na kula umeme mwingi. Nayo ni hoja yenye haki ndani yake. Lakini kama shabaha yao ilikuwa kumfaa mnunuzi, mbona hawakumwambia achague mwenyewe?

Watu wengine hutujibu, "Vyombo vya leo ni rahisi, kikifa nunueni kingine." Na tuhesabu basi. Kila taa tulinunua kwa shilingi 30,000, ikadumu miezi 30, yaani shilingi 1,000 kila mwezi, na sasa twaambiwa tuanze upya kutoa shilingi 30,000, hali kibao ni kizima, kioo ni kizima, na waya ni mzima. Twanunua mara ya pili vitu ambavyo tayari ni mali yetu. Tajiri akipata hasara hiyo hununa siku moja akasahau. Yule mama wa debe la mahindi hana debe la pili.

Tena hizo zilizokufa ziende wapi? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamehesabu kwamba katika mwaka 2022 dunia ilitupa tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na kwamba sehemu iliyokusanywa na kushughulikiwa vema kwa hesabu inayojulikana haikufika robo. Kwetu hutupwa shimoni au motoni, na betri ya namna hii ikitobolewa au ikiunguzwa huweza kulipuka. Ndiyo sababu zile 17 tumezifungia kabatini.

Huko Ulaya watu wamekwisha kuchoka. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2015 kwamba kufupisha umri wa chombo kwa makusudi ni kosa la jinai. Na mwaka 2020 kampuni ya Apple ilitozwa huko faini ya Euro milioni 25, kwa kutowaambia wenye simu kwamba programu mpya zingeweza kuzipunguzia mwendo simu zao za zamani. Sheria ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Juni 2025 yaagiza kwamba vipuri vya simu mpya vipatikane miaka 7 baada ya simu ya namna hiyo kuacha kuuzwa. Twawapongeza. Lakini sheria hizo haziwalindi wanunuzi wa huku, nasi twaogopa kwamba kitakachokataliwa kule kitasafirishwa kuja kwetu.

Kwa hiyo twawaambia wenzetu walimu, na wajumbe wa kamati, na viongozi wa vyama vya ushirika, ninyi mliokabidhiwa fedha za wengi: msinunue taa, wala redio, wala simu ya chama, kabla ya kumwita fundi wenu aje na bisibisi. Aifungue mbele ya mwenye duka. Aulizwe, betri hii yapatikana wapi, na kwa bei gani? Mwenye duka akikataa, ondokeni na fedha zenu. Na wenye kukagua ubora wa bidhaa bandarini, ambao hupima kama chombo ni salama, twawasihi wapime pia kama chafunguka.

Kamati yetu ilikutana Jumamosi iliyopita kwa shauri la taa mpya. Mwenye duka alileta tatu za kuonyesha. Fundi alifungua moja tu, nayo ilikuwa ghali kuliko zenzake kwa shilingi 8,000. Wazazi walibishana hata jua likachwa, kisha wakapiga kura kununua hiyo, taa 10 badala ya 18, na watoto wasome wawili wawili.