Talanta za vijana wetu katika michezo: nani anazitazama?



Mumezoea kusoma neno la kapita wa wanafunzi juu ya usafi, juu ya kuchelewa, na juu ya wale wanaoruka ukuta saa ya mapumziko. Leo naomba ruhusa niandike juu ya jambo lingine, ingawa nalo linaanza na kuchelewa.

Mwaka uliopita kulikuwa na mwanafunzi mmoja, sitataja jina lake wala darasa lake, ambaye nilimwandika katika kaye ya machelewa mara 14 kwa trimestri moja. Kila mara alifika anatoka jasho, na vumbi la makala mabegani. Kila mara alinijibu neno lile lile: "Miye natoka mbali, kapita." Nami kila mara nilimpa panga akakate majani nyuma ya vyoo. Niliona ninafanya kazi yangu vizuri.

Kisha ikafika siku ya michezo ya madarasa. Kulikuwa na mbio za kuzunguka uwanja mara kumi. Yule ndugu alikimbia miguu wazi. Kwenye mzunguko wa nne alikuwa amewaacha wote, na alipomaliza, yule wa pili alibakia na mzunguko muzima na nusu. Wanafunzi wakapiga kelele: "Eko mbio huyu!" Mgeni mmoja aliyealikwa akauliza swali dogo tu: amekimbia dakika ngapi? Tukatazamana. Hakuna mtu aliyetazama saa. Simu zenye saa ya kuhesabu zilikuwa mikononi mwa watu watano au sita, lakini zote zilikuwa zinapiga picha. Na hata kama tungejua dakika, uwanja wetu haujapimwa. Mzunguko mmoja ni mita ngapi, hakuna anayejua.

Ndipo nikauliza habari zake. Nyumbani kwao ni kule juu mlimani. Alikuwa anashuka gizani na mfuko wa makala ya mama yake, anaufikisha sokoni, kisha anakimbia mpaka masomoni. Basi mimi nilikuwa ninamwadhibu mtu kwa sababu ya mazoezi yake.

Trimestri iliyofuata hakurudi. Minerval ilishindikana. Wanasema alishuka Misisi, kule Fizi, kuchimba dhahabu. Andiko moja tu masomo yetu yanayo juu ya mbio zake, nalo ni kaye yangu ya machelewa.

Tangu siku ile, nikisikia watu wanasema kwamba Kongo haina vijana wa michezo, nakasirika kidogo. Nchi kubwa namna hii, watu milioni zaidi ya mia moja, lakini mpaka Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024 hatujapata medali hata moja, hata ya shaba. Na tulianza kwenda kule mwaka 1968. Je, Mungu alitupitia? Hapana. Mimi nafikiri tatizo ni kwamba nchi yetu tangu zamani imependa kuonyesha michezo kuliko kutafuta wachezaji.

Tutazame mwaka 1974, ambao wazazi wetu hawachoki kuusimulia. Mwezi wa tatu, Leopards walichukua Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano yale. Mpaka leo hakuna aliyefunga mengi hivyo katika mashindano moja ya kombe lile. Mwezi wa sita wakaenda Kombe la Dunia katika Ujerumani Magharibi, wa kwanza kutoka nchi za Waafrika weusi kusini ya Sahara. Walifungwa 2 na Scotland, 9 na Yugoslavia, 3 na Brazil, na wao hawakufunga hata moja. Mwezi wa kumi, tarehe 30, Kinshasa ikapokea pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Hesabuni wenyewe: milioni 10 kwa Wamarekani wawili, kwa usiku mmoja. Sisemi pambano lile lilikuwa baya. Lakini ninauliza kama kulikuwa na mtoto mmoja wa Matete au wa Uvira aliyefundishwa kupiga ngumi kwa pesa zile. Mwaka 2023 tena Kinshasa ilipokea Michezo ya Francophonie, na majengo mapya yakasimama. Ni vizuri. Ila jengo haliwezi kushuka mlimani saa kumi na moja ya asubuhi kumtafuta mwenye makala.

Na wale Leopards wa sasa tunaowashangilia mpaka sauti zinakauka? Yoane Wissa alizaliwa Ufaransa na akajifunza mupira kule. Aaron Wan-Bissaka alizaliwa London. Axel Tuanzebe yeye alizaliwa kwetu, Bunia, akapelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo, na alipokuwa na miaka 8 Manchester United walimwingiza katika masomo yao ya vijana. Miaka 8! Mimi ninafurahi kwamba wanavaa rangi zetu. Lakini tuseme ukweli: wengine ndio waliwaona, wakawapima, wakawalisha na kuwafundisha. Mtoto wa miaka 8 aliyebaki Bunia, nani alimtazama?

Wengine watanijibu: kapita, zile ni nchi tajiri. Haya, tutoke nyuma ya kanisa usiku tutazame ng'ambo ya ziwa. Taa zile ni za Bujumbura. Burundi si tajiri kuliko sisi, na ni ndogo hata mtu anaweza kuivuka kwa siku moja. Mwaka 1996 ilikwenda Olimpiki kwa mara ya kwanza kabisa, kule Atlanta, wakati kwao kulikuwa na vita. Vénuste Niyongabo akarudi na medali ya dhahabu ya mita 5,000. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: mbio zake yeye hasa zilikuwa mita 1,500. Nafasi yake katika mbio zile alimwachia mwenzake mkubwa, Dieudonné Kwizera, ambaye alikuwa ametamani Olimpiki miaka mingi bila kuipata, naye akaingia kwenye mita 5,000, mbio alizokuwa amezikimbia mara chache tu. Mwaka 2016 kule Rio, Francine Niyonsaba akaleta medali ya fedha ya mita 800. Maji ya ziwa tunayokunywa ni yale yale.

Sasa nitaeleza habari ya masomo moja ya Kenya, kwani ndiyo iliyonifungua macho zaidi. Iten ni mji mdogo mlimani, kama mita 2,400 juu ya bahari. Kuna sekondari ya wavulana inaitwa St. Patrick's. Mwaka 1976 alifika pale Bruda mmoja kutoka Ireland, Colm O'Connell, kufundisha jiografia. Juu ya mbio hakujua kitu; hakuwa amesomea. Lakini alikuwa na macho, na alikuwa na watoto wale wale kila siku. Aliwatazama wanavyokanyaga, wanavyopumua, nani anachoka na nani anajifanya amechoka. Mwaka 1988, kule Seoul, mwanafunzi wake wa zamani Peter Rono alichukua dhahabu ya mita 1,500. Baadaye akaja kijana mmoja aliyekuwa anakimbia mita 400, na mwalimu yule akamwambia ajaribu 800. Kijana yule ni David Rudisha. London, mwaka 2012, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91, rekodi ya dunia. (Ndiyo, ni masomo ya Wakatoliki. Tunaweza kujifunza kwao bila kubatizwa upya.)

Mutaona kwamba hakuanza na uwanja mkubwa. Hakuanza na wizara. Alianza kwa kuwa mwalimu aliyekaa na wanafunzi wake miaka mingi. Yeye peke yake hangetosha, sababu Kenya ina ngazi: masomo yanashindana na masomo jirani, washindi wanapanda kwenye kaunti, halafu mpaka taifa, na kila mwaka ngazi ile inarudi. Mtoto anajua kwamba akishinda leo, kuna mahali pa kwenda kesho. Sisi, mtoto akishinda, anapewa sabuni na kaye mbili, tunapiga makofi, basi.

Na milima tunayo. Wenzetu wa Hauts Plateaux wengi wanaishi juu ya mita 2,000, na kwenda sokoni kwao ni safari ya kutwa nzima kwa miguu. Hapa chini, watoto wa wavuvi wa Kalundu wanaogelea kabla hawajajua kusoma. Dada zetu wanapanda na bidon ya lita 20 kichwani, shingo imenyooka, tena wanacheka njiani. Mwalimu wa jimnastiki angeona kifua na miguu. Sisi tunaona bidon tu.

Lazima niseme pia juu yetu wenyewe, kwani si serikali tu. Katika bulletin ya pointi kuna mustari wa Education physique. Je, ni masomo mangapi yanakimbiza wanafunzi kweli, na mangapi yanaandika pointi kwa kukisia? Mwalimu asiyelipwa vizuri hawezi kubaki jioni na saa mkononi, naye ana watoto wanaomngoja. Hapo ni kazi ya Serikali, na bila hiyo mengine yote ni maneno. Lakini kudanganya miaka, hilo si kosa la Serikali. Tulicheza siku moja na wageni ambao gardien wao alikuwa na ndevu, na mtoto wake alikuja kumtazama anadaka. Tulicheka sana. Lakini hata upande wetu kulikuwa na "mwanafunzi" mmoja ambaye hakuna mwalimu aliyemjua darasa lake. Tulishinda siku ile. FIFA tangu mwaka 2009 inapiga picha mifupa ya kifundo cha mkono katika kombe la vijana wa chini ya miaka 17, juu ya uongo kama ule. Mutu wa miaka 23 akiitwa wa 16, yeye hatakua tena, na yule wa 16 wa kweli anabaki nje ya mustari anashika viatu vya wengine.

Kuna wazee wa kanisa wanaoogopa michezo, hasa kwa wasichana, na hasa mechi za siku ya Mungu. Nawaheshimu. Lakini Paulo mwenyewe, alipowaandikia Wakorinto, alichukua mfano wa wakimbiaji uwanjani, na hakuwatukana. Na juu ya siku ya Mungu, kumbukeni Eric Liddell wa Scotland. Mwaka 1924 kule Paris alikataa kukimbia mita 100 kwa sababu mchujo ulikuwa Jumapili. Akakimbia mita 400 siku ingine, akapata dhahabu, kisha akaenda China kama misionari, na alikufa kule mwaka 1945. Mtu anaweza kushika yote mawili. Kwa wasichana, tutafute nguo ya heshima, lakini wakimbie.

Sasa kwetu. Pamoja na wakubwa wa madarasa tumeongea na mwalimu wa jimnastiki, na Bwana Prefe hakukataa. Jumamosi, kisha saa ya mwisho, tutapima uwanja kwa kamba, na tutaweka mawe yenye chokaa kila mita 100. Kila darasa, wavulana na wasichana, litakimbia mara moja kwa mwezi. Simu moja itashika saa. Zingine zipige picha kama zinataka. Majina, miaka ya kweli na dakika zitaandikwa katika kaye mpya, ambayo itabaki katika biro ya Prefe hata sisi wa darasa la mwisho tukiisha kwenda na Diplome zetu. Masomo mengine ya Uvira yakifanya vile vile, tutakuwa na kitu cha kulinganisha, na yule wa Bukavu au wa Kinshasa akija kuuliza siku moja, hatutatazamana tena.

Na kuna ombi moja kwa makapita watakaotufuata. Mwanafunzi akifika amechelewa na jasho, mwandikeni, ni sheria. Lakini muulizeni ametoka wapi, na ametoka saa ngapi.

Kwa yule ndugu nimetuma barua mara mbili kwa watu wanaokwenda Fizi. Jibu bado. Mtu mwenye njia ya kufika Misisi aje anione. Kamba pia inatukosa: tunayo ya mita 30, tunahitaji ya 50.